Mpini wa Shoka la Mnyasa

Mtu wa Kibra aliyekwenda Hija zamani hizo hakuondoka hivi hivi. Kwanza alipita mlango kwa mlango kuomba radhi, akarudisha kila cha mtu kilichokuwa kwake, ndipo akafunga mzigo. Baba yangu alilifanya jambo hilo kiaskari. Alisimama uani akatuita mimi na mama kana kwamba tuko gwarideni, akatuamuru tutoe kila kisicho chetu. Tukatoa ungo wa jirani, tukatoa jembe la mtu wa Kambi Muru, tukatoa na sufuria moja ambayo mama aliapa ni yake, mpaka mwenyewe alipokuja akatuonyesha mahali alipoizibisha kwa fundi. Mimi nilicheka sana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ulimi ambao mama alisema utanikosesha mume.

Kisha baba akapanda juu ya kinu, akapapasa darini juu ya jiko, akashuka na shoka.

Lilikuwa limefungwa kwa ule utepe mrefu wa sufu ambao askari walijizungushia miguuni. Nililijua tangu utotoni. Chuma chake kilikuwa chembamba, kipana mbele, na nyuma kilikuwa na mkia mrefu uliopenya kichwa cha mpini na kutokeza upande wa pili. Kichwa chenyewe kilikuwa kinundu cha mviringo, ukubwa wa ngumi yangu. Chini ya kinundu mpini ulivishwa waya mwembamba wa shaba njano. Waya ule haukuzungushwa tu, ulisukwa. Pale katikati, kiasi cha shubiri moja, ulikuwa umetoweka, mti ukabaki uchi. Nilipopaona hapo nikageuza uso nikajifanya nachochea moto.

Miaka yote nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba lile shoka lilitoka Sudani na babu yetu. Sijui nilikitoa wapi kisa hicho, nadhani nilikitunga mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyenipinga nikakiamini.

"Hii si ya Sudani," baba alisema. "Hii ni ya Mnyasa. Ni amana."

Ndipo nikasikia habari yenyewe kwa mara ya kwanza. Katika vita vya Mjerumani, huko kusini, baba alikuwa askari kijana kabla hajapata cheo chake cha ombasha. Katika kombania yao kulikuwa na askari mmoja kutoka Nyasaland, ambaye alilibeba shoka lile chini ya blanketi lake kila walikokwenda, kinyume cha amri. Wawili hao walikula chungu kimoja muda wote wa mvua. Mnyasa akashikwa na homa. Walipokuja kumchukua kwa machela alimpa baba shoka akamwambia, "Nishikie, nitalifuata." Baba akaitikia. Hakumwona tena. Baada ya wiki mbili aliambiwa kwamba amefariki, na hakuna aliyejua amezikwa wapi. Jina alilomjua nalo lilikuwa la utani tu la kombania.

"Na hukuwatafuta watu wake?" mama aliuliza.

"Nilitafuta kidogo," baba alisema. "Halafu nikaacha. Nilikuwa nasema mwaka ujao."

Hakuwa amepata kusema neno la kujilaumu mbele yangu kabla ya siku ile, na sikupenda kulisikia. Mwalimu wa msikitini alimwambia kwamba mwenye amana asipopatikana, wala warithi wake, aweza kuitoa sadaka kwa niaba yake. Baba akamjibu, "Shoka ya vita nitampa maskini gani?" Akaja nyumbani akasema hatapanda meli na amana ya mtu darini. Meli ilibakiza wiki tano. Nafasi yake aliingoja miaka sita, na magoti yake yalikuwa yanakwisha. Mwaka mwingine asingeweza kutembea kule. Sote tulilijua hilo na hakuna aliyelitamka.

Tukaanza kutafuta Mnyasa yeyote. Na wakati wa kutafuta, baba akaona ni aibu kumrudishia mtu kitu kibovu. Bungua walikuwa wameula mpini vibaya. Ukiugonga ulimwaga unga kama wa mtama, na karibu na kinundu ulikuwa umepasuka hata chuma kikawa kinacheza. "Tengeneza irudi nzima," aliniambia.

Aliniambia mimi, na sababu ni kwamba nilikuwa msukaji. Kwetu Wanubi kila msichana alisuka tabaga, zile sinia za ukindi za rangi za kufunikia chakula, lakini mimi nilizisuka mpaka wanawake wa mtaa wa Makina wakaja kuomba. Niliuchunguza ule waya nikaona kwamba aliyeusuka alikuwa mtu wa kazi yangu. Nyuzi mbili zilipita juu, moja chini, na kila duara lilihamisha hatua moja, ndiyo maana mistari ililala mshazari. Nilijifungia nao siku nzima nikifungua na kufunga, mpaka vidole vikatoka damu. Kutu nikaiondoa kwa majivu na samli. Jirani mmoja alinishauri nitumie mchanga, nami nikamwambia akasugulie sufuria zake. Chini ya kutu, kwenye shavu la chuma karibu na mkia, zilitokea chanjo tatu fupi, zimepangwa sambamba.

Mpini ulikuwa haufai. Seremala wa Makina alichonga mwingine wa mzeituni wa msituni, kinundu na vyote, akatoboa kichwa kwa chuma cha moto, mkia ukapita ukakaza. Nikauvisha waya mpya kutoka duka la Mhindi, na kazi ilipokwisha nililiinua juani. Ningesema uongo nikisema sikujivuna. Mpini wa zamani nikamtupia mama kwenye rundo lake la kuni.

Hapo sina budi kueleza rundo lenyewe. Mama ndiye aliyewaandaa maharusi wa upande wetu. Nyuma ya jiko alikuwa na shimo la kufukizia. Bibi harusi alikaa juu yake amejifunika blanketi zito, moshi ukimpanda mwilini, kila siku mpaka ngozi yake ing'ae na kunukia. Kwa kazi hiyo mama alichagua kuni kama watu wengine wanavyochagua nyama. Alipenda mti mkavu wa kale uliokaa kwenye moshi. Mpini uliokaa darini juu ya jiko miaka thelathini na ushei, mimi nilidhani namletea zawadi. Na wiki ile alikuwa na bibi harusi.

Zilibaki wiki mbili meli iondoke tulipoambiwa kwamba Kawangware kuna mpishi wa Kinyasa, amepanga chumba katika shamba la Mkikuyu mmoja. Tukaenda Jumapili, siku yake ya kupumzika, baba mbele na fimbo yake, mimi nyuma na shoka ndani ya gurbaba langu la zamani, nguo yetu ya kujitanda. Mwenye shamba tulimkuta ametoka kanisani, bado na suti, anakagua kabichi zake. Alitazama kofia ya baba, akanitazama na mzigo wangu mrefu, akasema mpishi yuko nyuma anapiga pasi, na kwamba tusikanyage miche.

Mpishi alikuwa mtu mfupi, mnene, makini sana. Aliweka pasi yake kando, akanawa mikono, ndipo akalipokea shoka kwa mikono miwili. Alilipima uzito. Alipitisha kidole gumba kwenye makali akakisimamisha mahali penye pengo dogo, halafu pengine. Akageuza akatazama mkia.

"Hii si ya Nyasaland, mzee," alisema.

Nikaona mabega ya baba yakishuka.

"Ngoja. Watu wake ni wa Nyasaland, lakini yenyewe haikufuliwa huko. Wazee wetu Wangoni walitoka mbali, kusini kabisa, wakavuka Zambezi na vitu vyao mkononi. Hii ilikuja nao. Siku hizi kwetu hakuna anayetengeneza mkia namna hii. Na hii ni ya vita kweli, si ya kuchezea ngoma. Tazama mapengo haya, yamepigwa kwenye chuma kingine." Akagusa zile chanjo tatu. "Hii ni alama ya nyumba. Nyumba yenyewe mimi siijui, lakini nikiwaonyesha wazee wataijua. Naenda likizo mwisho wa mwezi."

Baba akakaa kwenye ngazi ya chumba cha mtu bila kukaribishwa. Alisema alhamdulillahi mara tatu. Nami nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikwisha kumwona melini.

"Waya nani amesuka?" mpishi akauliza.

"Mimi," nilisema, nikingoja sifa.

"Mkono wako mzuri, dada. Sasa mpini uko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa.

"Huu ni mpya. Nauliza ule wake."

Akatueleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni kula. Kwao, alisema, chuma ni cha nyumba, kinatoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Mpini ni wa mtu. Kijana akipewa chuma anachonga mpini wake mwenyewe, na akifa unazikwa naye. Akifia mbali asikorudi, watu wake wanautafuta mpini wauzike badala yake. "Kama mpini haukurudi," alisema, "hao bado hawajamzika mtu wao. Wanangoja. Kwetu nimemwona mama mmoja aliyengoja hivyo mpaka akafa. Chuma watashukuru. Lakini wewe mzee ulichopewa ushike, hasa, ni mpini."

Baba alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Uliuweka wapi?" aliuliza.

Nilisema uko nyumbani. Kisha nikasema nawahi mara moja. Nikaondoka.

Sijapata kukimbia vile kabla wala baada. Nilikanyaga miche yote ya yule Mkikuyu. Nikakata barabara ya Ngong bila kutazama, kandambili moja ikabaki huko na sikuirudia. Njia nzima nilikuwa nafanya hesabu ya siku. Mpini niliutupa Jumatatu. Bibi harusi alikuja Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nilimchukia bibi harusi yule ambaye hakunikosea lolote. Nikajichukia mimi zaidi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha mwibia Mnyasa mara moja, na hii ilikuwa ya pili.

Nilipofika, moshi ulikuwa unapanda nyuma ya jiko. Bibi harusi alikaa juu ya shimo, kichwa tu kikitoka kwenye blanketi, jasho likimtiririka. Nilipiga magoti nikaanza kuvuta kuni motoni kwa mikono.

"Wewe umerukwa na akili?" mama alisema. "Unataka kumtoa mtoto wa watu kabla hajaiva?"

"Mpini, mama. Ule mpini wa zamani."

"Ule uliotobolewa na wadudu?"

"Umeuchoma?"

Mama alinitazama kama nimemtukana. "Kuni ya bungua nimfukizie bibi harusi? Atoke hapa ananuka uozo, niambiwe mimi ndiye niliyemharibu? Mimi nina jina langu hapa Kibra." Akaendelea hivyo kwa muda. Jambo hilo lilimuudhi hata akasahau nilichouliza, nami nikiwa nimekaa chini, viganja vimebabuka, nalia na kucheka pamoja. Hatimaye akanyoosha mkono kuelekea banda la kuku.

Ulikuwa pale. Aliuchomeka kwenye pete mbili za kamba kufungia mlango wa banda, na kuku walikuwa wameupaka wote. Sijapata kukiona kitu kizuri kama mti ule uliojaa kinyesi. Wale bungua niliowalaani kwa wiki mbili ndio walioukinga na moto.

Baba alifika baadaye sana, magoti yakimuuma, na mpishi amemshika mkono. Alituona uani, mama, mimi na mpini juu ya mapaja yangu, naye akaegemea ukuta akafunga macho. Mama alimletea maji. Alikunywa kibuyu kizima bila kupumua, akakaa chini kando yangu.

Tuliusafisha kesho yake. Bungua waliokuwa ndani mama alisema anajua dawa yao, na bibi harusi alipoondoka akaulaza mpini juu ya shimo, akaufunika kwa blanketi lile lile. Ulikaa humo siku tatu kama mwali. Ulipotoka nikaupaka mafuta ya simsim, nikaziba ufa kwa nta, na baba akakaa karibu akinitazama. Mti ulipokunywa mafuta tuliona, pale katikati ambapo waya ulitoweka, bonde la kiganja. Mtu alikuwa ameshika hapo miaka na miaka. Baba aliweka mkono wake juu yake, vidole vyake virefu vikapita. "Alikuwa na mikono midogo," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Niliingia ndani nikatoa kopo langu la sindano, nikatoa bangili ndogo ya waya wa shaba uliosukwa. Nilikuwa na miaka minane nilipopanda kwenye kinu nikaung'oa ule waya, kwa sababu binti wa jirani alikuwa na bangili na mimi sikuwa nayo. Niliivaa msimu mmoja mpaka mkono ukanenepa. Sikumwambia mtu yeyote, na nilipokuwa nafunga waya mpya niliona haya kuutoa wa zamani.

Baba aliigeuza bangili mkononi. Alikuwa amezunguka Kibra nzima akiomba radhi kwa watu ambao wengine wao ndio waliomkosea yeye.

"Niwie radhi, baba," nilisema.

"Miaka kumi na moja," alisema, "mimi nawatilia panya sumu kwa ajili ya hii." Akanirudishia bangili. "Nimekusamehe. Lakini nenda uwaombe radhi panya."

Mama alicheka mpaka akatoka nje. Nikaifungua bangili taratibu, na waya ule ukajua mahali pake. Ulizunguka bonde la kiganja na kutosha kamili, nyuzi mbili juu, moja chini.

Mpishi alivichukua vyote viwili, chuma na mpini, kabla ya mwisho wa mwezi. Mpini mpya aliuchomoa akampa baba. "Huu ni wako, mzee, uliuchongesha wewe," alisema. Baba alimkabidhi amana mbele ya mwalimu wa msikitini na mbele yetu, kwa maneno yote yanayotakiwa. Siku tatu baadaye alipanda gari moshi kwenda Mombasa na kisanduku kimoja. Alikuwa mwepesi. Hata magoti alisahau kuyalalamikia.

Mpishi alirudi kabla yake. Alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka Kawangware, akakataa chai mpaka amalize kusema. Wazee waliijua ile alama. Nyumba ilikuwepo. Mama wa Mnyasa alikuwa hai, amepofuka, mdogo kama mtoto. Waliuweka mpini mikononi mwake bila kumwambia ni kitu gani. Aliupapasa kuanzia kinundu, akashuka kwenye waya, na alipofika kwenye bonde la kiganja akasimama hapo. Akasema jina la mwanawe. Waliuzika asubuhi iliyofuata, na baada ya mazishi bibi yule aliomba chakula, akala, akalala hadi jioni.

Baba aliporejea nilikwenda na mama kumpokea stesheni. Alikuwa amekonda, amevaa kanzu nyeupe, na watu wa Kibra walijaa jukwaani wakitaka kuushika mkono wa Haji. Alipita katikati yao akaja moja kwa moja kwangu. Hakunisalimu.

"Ulifika?" aliuliza.

"Ulifika," nilisema. "Mama yake aliupokea. Wamemzika."

Baba akakiweka kisanduku chini, akakikalia, watu wote wakimngoja, akalia kwa utulivu mpaka alipotosheka. Kisha akainuka akaanza kuwasalimu.